Shamba la Bibi Yako Halifagiwi

Mwanangu Zodwa,

Umetoka sasa hivi kwenda Sandton kuwaaga wenzako wa kazini, na baba yako yuko sebuleni amejifunika gazeti, anajifanya anasoma. Nimepata mwanya wa kukaa jikoni na kalamu. Kesho asubuhi unapanda basi pale Park Station, nami nakujua: nikikueleza haya kwa mdomo utaniambia "Sharp, Ma, sharp," huku kidole kiko kwenye simu. Heri nikuandikie, barua haikatizwi maneno.

Kiswahili nimekichagua makusudi. Unakielewa kuliko unavyojifanya, hasa tukiwa tunakusengenya. Isome kwa sauti ndani ya basi, safari ni ndefu na jirani yako wa kiti atakuwa amelala. Ukikwama mahali, weka alama umuulize Mjomba Pius ukifika. Kaka yangu huyo si mtu wa maneno mengi, lakini ukimuuliza maana ya neno atakueleza mpaka chai ipoe.

Mambo ya paspoti, cheti cha chanjo na kutomwachia mtu begi mpakani sitayagusa. Baba yako ameyasema mpaka mimi mwenyewe nimeyakariri. Mimi nataka kukuandikia habari za shamba.

Unalijua zaidi kwa picha. Ni shamba la Bibi yako Matilda, mama yangu, kule kwenye mteremko wa Uluguru. Migomba yake ya kisukari ilikufa kwa mnyauko, ikapandwa tena, ikafa tena, mpaka watu wakakata tamaa. Mjomba wako amekushikia shamba hilo miaka yote hii kwa sababu kwetu ardhi hufuata mama. Mimi nimeipata kwa mama yangu, na wewe unaipata kwangu, hata kama umezaliwa Johannesburg na jina lako ni la kwa kina baba yako. Lakini ukoo una watu, watu wana watoto, na watoto wanataka pa kulima. Wamekubali upewe wewe ujaribu. Migomba ikifa tena mikononi mwako, shamba litagawiwa wengine, na sitamlaumu mtu, maana ardhi haiwekwi kabatini kama sahani za wageni.

Sina hofu nawe. Nina furaha mno, tangu asubuhi naimba mpaka baba yako kaniuliza kama nimekunywa kitu. Ila nataka ujue shamba lile liliuguaje, maana vipande unavijua, kisa kizima hujawahi kukaa ukakisikia.

Baba yako alipokuja kuposa, mimi nilikuwa msichana wa bustani kwenye kambi ya wakimbizi wa Afrika Kusini, kule bondeni karibu na mji wa Morogoro. Yeye alikuwa mkimbizi mwembamba mwenye Kiswahili cha kuchekesha kuliko chako. Posa ililetwa na wenzake, vijana watupu waliovaa makoti ya kuazima wakajifanya wazee. Mmoja alipanda mlima ule wote, kufika juu akiwa hoi akauliza, "Sasa zizi la ng'ombe liko wapi?" Kwao mahari ni ng'ombe. Kwetu mlimani ng'ombe angeporomoka mwenyewe mpaka bondeni. Pius alicheka hadi akaenda kujificha nyuma ya nyumba.

Kabla hawajafika nilitangulia mimi, na nilifanya mambo mawili niliyoyaona ya maana sana. La kwanza, nilimpelekea mama mche wa kisukari. Kwetu ukitoka mbali huendi mikono mitupu, na zawadi bora ni ile isiyolika ikaisha. Rafiki yangu wa bondeni alikuwa na kisukari chenye mikungu mizito, akanichimbulia chipukizi, nikalibeba kichwani hadi juu. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalipanda jirani na mlango, pale penye udongo mweusi kuliko kwingine kote.

La pili, nilifagia shamba. Cheka tu. Mwanamke wa kwetu hujulikana kwa uwanja wake, na shamba la migomba limeanzia mlangoni, huwezi kujua uwanja umeishia wapi. Nikawaza, wageni wanatoka nchi ya maghorofa, wakute majani makavu, magome yanayooza na jongoo wanatembea? Aibu gani hii! Nikakwangua majani yote nikayachoma moto. Nikapiga jembe katikati ya mashina, chini kabisa, nikang'oa kila kijani kilichothubutu kuota. Nilipomaliza ungeweza kumwaga wali pale chini ukaula. Wageni walisifia kweli. Mmoja wa wale wazee wa kuazima alisema hajapata kuona shamba safi namna ile, na mimi nikavimba kichwa.

Mama alisimama mlangoni akalitazama. Akaniuliza swali moja tu: "Udongo umeuvua nguo, mvua ikija utavaa nini?" Nikadhani ananitania.

Masika yalipokuja, udongo ule mweusi uliteremka wenyewe mpaka mtoni. Mizizi niliyoikatakata kwa jembe ikabaki na vidonda. Mimi sikuwepo kuyaona hayo. Nilikuwa nimeolewa, na nchi ya baba yako ilipofunguka tukahamia huku.

Nilirudi mara ya kwanza wewe ukiwa mtoto wa kubebwa. Nikakuta majani ya chini ya kisukari yamekuwa manjano kuanzia ukingoni, yamevunjika kwenye vikonyo, yananing'inia kulizunguka shina. Mashina mengine yamepasuka karibu na ardhi. Pius akakata mgomba mmoja kwa panga akanionyesha ndani, nyuzi za rangi ya kahawia nyekundu kutoka chini hadi juu. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, ukanyoosha kidole ukasema "igazi", damu kwa Kizulu, halafu ukaanza kulia.

Majirani walisema ni jicho la mtu. Mimi mwanamke wa mjini nikajitia ujuzi. "Acheni hizo," nikawaambia, "hii migomba ina njaa." Nikaikatakata ile migonjwa vipande vipande, nikaitandaza kwenye mashina ya ile mizima iwe mbolea. Panga ni lile lile, jembe lile lile, kutoka shina hadi shina. Majani mazima ya kulifunika shamba nilikuwa nimeyachoma, haya ya wagonjwa ndiyo nikayagawa kama pilau ya harusi. Ugonjwa ulikuwa kona moja, mimi nikaufikisha shamba zima. Mjomba wako mpaka leo tukiongea kwenye simu huniambia, "Dada, ulitusaidia sana siku ile," na nasikia anavyojizuia kucheka. Siku hizi nacheka naye. Ilichukua muda.

Sasa nikuambie nilivyojifunza, maana sikujifunzia kwenye kitabu. Tulipofika hapa tulikaa Berea, ghorofani, chumba kimoja na jiko la kushirikiana, na udongo wote niliokuwa nao ulikuwa kwenye kopo la maziwa la kupandia dania. Tulipohamia hii nyumba ya Rosettenville jirani yetu alikuwa Dona Graça, mjane wa Kireno aliyetoka kisiwa cha Madeira. Wewe unamkumbuka kwa keki zake. Mimi namkumbuka kwa uchafu wake. Nyuma ya jiko lake, kwenye ukuta unaopigwa na jua, alikuwa na migomba, hapa hapa Johannesburg penye baridi ya kuchoma majani! Na chini ya migomba hiyo kulikuwa na kila takataka: maganda ya mayai, majani ya kabichi, machicha ya kahawa, nyasi zilizokatwa, majani ya migomba yenyewe. Nikamhurumia. Nikasema huyu mama ni mzee, hana nguvu ya kufagia, acha nipate thawabu.

Siku moja akiwa kanisani nikaingia na ufagio wangu.

Alirudi kabla sijamaliza. Zodwa, nilikimbizwa na ndala. Kiingereza chake na changu vilikuwa ndugu, vyote vimevunjika, lakini siku hiyo tulielewana vizuri. Alipochoka kunifokea alipiga magoti, akafunua majani pale ambapo sijafika. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na unyevu, minyoo inajificha, na mizizi midogo myeupe ya mgomba imepanda juu kabisa kutafuta chakula. "Acha," akasema. "Wanakula." Nikamuuliza nani wanakula. Akazungusha mkono juu ya ardhi yote. "Wote," akasema.

Nilirudi nyumbani nikautupa ufagio nyuma ya mlango. Lile swali la mama yangu mlangoni, ndiyo kwanza nikalielewa siku hiyo.

Ndipo yakaanza yale yaliyokuwa yakikutia aibu. Baba yako alianza kuokota magunia ya nyasi ambayo watu huweka nje siku ya taka, na wewe ukiwa na rafiki zako ukimwona na gunia pale kwenye robot, taa za barabarani, ulikuwa unavuka barabara ukapita upande wa pili. Tulikuona. Mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, akawa ananipa majani ya kabichi yaliyoharibika. Ndege wale wanaopiga kelele, mahadida, wakawa wanafukua kila asubuhi na mimi nawafukuza na kanga kiunoni. Ardhi ya uwanja wetu ilikuwa ngumu nyekundu, kama imechomwa. Leo unaingiza kidole.

Halafu wewe, katika kazi zote za dunia, ukaenda kusomea udongo. Sikukuambia usome hicho. Uliporudi likizo na kile kisanduku chako cha kupimia, ukachota udongo wetu kwenye vikombe vyangu vizuri vya chai, nilitaka kukupiga. Lakini ukanikalisha hapa hapa mezani ukanieleza. Ukasema mnyauko ule ni kuvu, anaishi udongoni, na anaweza kungoja miaka mingi bila hata kuona mgomba. Ukasema udongo wenye uchachu anaupenda, mizizi iliyokatwa na maji yaliyotuama ni milango yake, na kwenye udongo mtupu usio na viumbe vingine anatamba peke yake. "Ila ukiwa na viumbe wengi, Ma," ukaniambia kwa Kiingereza chako cha haraka, "wanamnyima nafasi. Hafi kabisa, lakini hapati raha." Nikaenda chumbani nikalia. Nilikudanganya ni kitunguu. Nililia kwa sababu miaka yote nilidhani shamba la mama yangu limekufa, na mwanangu ananiambia linaweza kuuguzwa.

Baba yako ameingia sasa hivi kutafuta mkate. "Eish, Mama Zodwa, bado unaandika tu? Mtoto anakwenda Uluguru, haendi mwezini." Nikamwambia kama ana la kusema aseme niliandike. Akasimama na kisu cha siagi, akafikiri, akasema: "Mwambie shamba likimshinda, chumba chake hakikodishwi." Kisha akatoka haraka, najua kwa nini. Katika mji huu ambapo watu wanakodisha hata gereji, hayo ni mapenzi makubwa.

Nami nakazia hapo hapo. Ukishindwa, rudi. Hakuna atakayekuhesabia. Utakuwa umejaribu kitu ambacho mimi nilikikimbia.

Kuhusu kazi yenyewe sikufundishi. Ulinieleza mpango wako nami naukubali: chokaa kwanza kama kipimo kitasema hivyo, samadi iliyooza sawasawa, makinga maji ili mvua isiburute udongo, maharage na kunde vifunike ardhi, jembe lisiguse karibu na mashina. Kisukari kingoje. Unaanza na mzuzu, ambao mnyauko huu haukuugusa hata enzi za Bibi, na miche yote safi kutoka maabara. Wazee watakuuliza kwa nini unapanda maharage mahali pa ndizi, na kwa nini shamba lako chafu. Majirani watakuja kukusaidia kufagia, kwa upendo kabisa, kama mimi. Usiwakimbize na ndala. Funua majani, waonyeshe wanaokula.

Lakini kuna jambo moja ambalo kisanduku chako hakilipimi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mara ya mwisho nilipomwona mama yangu alikuwa mgonjwa, wewe ulikuwa shule hukuja. Tulikuwa tumekaa mlangoni tukitazama pale kisukari kilipokuwa. Nikamwambia, mama, nisamehe kwa kufagia. Akacheka. Akasema kufagia kulichangia, lakini ugonjwa wenyewe uliingia na ule mche wangu. Nikashtuka. Nikamuuliza alijuaje. Akasema kabla ya kuupanda aliuchonga mizizi, akaona vidoa vyekundu kwenye tunguu lake, na hakuvipenda. Alijua kuna kitu hakiko sawa.

"Sasa mbona ukaupanda?" nikamuuliza.

"Umetembea nao kichwani kutoka bondeni," akasema. "Unaolewa, unakwenda mbali. Ningekukatalia vipi?"

Aliupanda mahali pazuri kuliko pote kwa sababu ulitoka kwangu. Nimekaa na jambo hilo miaka, na limeniuma, halafu likaacha kuuma likawa kitu kingine, kama faraja, kwamba nilipendwa namna hiyo. Lakini wewe, mwanangu, usipende hivyo. Tafuta namna nyingine.

Maana watakuletea. Ukifika tu, habari itaenea kwamba mtoto wa Felista amerudi, na watu watashuka na kupanda milima na miche kichwani. Shangazi, majirani, binamu ambao hujui majina yao. Kila mche utakuwa na upendo ndani yake na hakuna ajuaye kingine kilichomo. Kukataa kutaonekana ni kiburi cha mtoto wa mjini. Kwa hiyo nisikilize vizuri: nitupie mimi lawama. Pokea salamu, piga goti, halafu sema, "Mama yangu amenikataza." Sema mama yangu mkorofi, amekaa kwa watu mpaka amesahau adabu. Mimi niko mbali, hayatanifikia, na yakinifika nitayanywa na chai. Waombe badala yake mbegu za maharage, au kuku, au waje siku ya kuchimba mashimo na wewe upike. Watakuja, na watasahau.

Na kuna mtu mmoja atakayekuwa mgumu kuliko hao wote.

Mwakani, Mungu akitujalia, nitakuja kukuona. Nitapanda ule mlima nikihema, nitaliona paa la nyumba ya mama yangu, na najijua, nitataka kukimbilia ndani ya shamba moja kwa moja na viatu vyangu vyenye udongo wa Rosettenville, wa stendi, na wa kila shamba nitakalolipita njiani. Weka ndoo ya maji na brashi pale mpakani. Usinionee haya kwa kuwa nimekuzaa, wala usingoje nimalize kukukumbatia. Pengine nitalia. Pengine nitakuambia hapa ni kwetu, nimezaliwa hapa, hunizuii. Wewe nizuie. Niambie, "Mama, simama hapo hapo, vua viatu."

Mama yangu alishindwa kuniambia. Wewe niambie, Zodwa, na mimi nitasimama.

Ni mimi,
Mama